Mshipa wa Kyalo Ulioshonwa Mara Mbili

Siku yangu ya kwanza wodini nilitukanwa na nyanya watatu kabla ya chai ya saa nne. Sikuwa nimemchoma mtu sindano vibaya wala kumwaga uji. Nilikuwa nimetii amri.

Amri ilitoka kwa Sista Rael, msimamizi wa wodi ya watoto katika hospitali ndogo ya misheni nje ya mji wa Machakos. Miaka ya tisini ilikuwa imeanza tu. Nilikuwa nimetoka chuoni, na sare yangu nilikuwa nimeipiga pasi mpaka ingeweza kusimama bila mimi. Sista Rael alinitazama kuanzia viatu hadi kofia.

"Nzilani, umefundishwa kupima mapigo ya mtoto?"

"Ndiyo, Sista."

"Unashika wapi?"

Nikamwonyesha kifundo cha mkono.

"Hapo umepima nusu ya mtoto," akasema. Alifunua blanketi la mtoto aliyekuwa karibu, akaweka vidole viwili kwenye kinena, pale paja linapokutana na tumbo, kisha akatazama dari. "Damu ikigonga hapa kama inavyogonga mkononi, njia iko wazi. Kila mtoto anayeingia wodi hii unamshika hapa. Nisikupate umeruka hata mmoja."

Sasa jaribu wewe kumweleza nyanya aliyetoka Yatta na mjukuu mwenye kikohozi ni kwa nini msichana asiyemjua anapeleka mkono huko. Wa kwanza aliniuliza kama kwetu watu hukohoa kwa chini. Wa pili alimfunga mtoto mgongoni akaelekea mlangoni. Wa tatu aliita mlinzi. Mlinzi alikuja, akaniona mimi, akashusha rungu. "Mwaitu, mama yetu, vumilia tu," akamwambia yule nyanya. "Huyu ni mgeni, lakini ugonjwa huo ni wa wodi nzima."

Nilishika vinena kwa zaidi ya mwaka mmoja bila kupata chochote zaidi ya matusi. Ninyi mnaoanza kazi sasa, mjue kwamba sehemu kubwa ya uuguzi ni kutafuta kitu ambacho hakipo. Taabu ni kwamba ukizoea kutokipata, vidole vinaanza kulala.

Halafu akaja Kyalo. Alikuwa na miaka mitano, na aliletwa na mama yake, Nduku, mwanamke wa Mumbuni aliyeuza mitumba sokoni na kuzungumza kana kwamba wateja wote wako ng'ambo ya barabara. "Huyu mtoto anatoka damu puani," akatangaza, "na tena ni mvivu. Wenzake wakikimbia, yeye anakaa chini anasema miguu imechoka. Miaka mitano! Miguu imefanya kazi gani?"

Niliweka vidole kinenani. Hakuna kitu. Nikavisogeza. Hakuna. Nikajishika mwenyewe kifundo nione kama vidole vyangu bado vinafanya kazi, na vilikuwa vinafanya. Nikamshika mtoto mkononi, na huko damu ilikuwa ikigonga kama mtu anayedai kufunguliwa mlango. Kwa hiyo nilifanya jambo ambalo nilikumbushwa kwa miaka mingi baadaye: nilikimbia katikati ya wodi nikipiga kelele, "Sista! Sista, huyu mtoto amekufa chini!"

Nduku alipiga ukemi uliofika jikoni. Kina mama wengine wakampokea. Sista Rael alikuja kwa mwendo wake wa kawaida, akamshika mtoto, akatazama dari. "Mama, mtoto wako hajakufa mahali popote," akasema kwa upole. Kisha akanigeukia. "Wewe tutazungumza."

Tulizungumza. Alinichorea nyuma ya karatasi ya kuandikia joto la wagonjwa. Mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo, ule unaoitwa aota, huanza kwa kupanda juu, kisha hujikunja kama mkono wa mwavuli na kushuka kuelekea tumboni na miguuni. Mishipa ya kichwa na mikono hutokea kwenye ule mkunjo. Kyalo alizaliwa na mahali palipobana mara tu baada ya mkunjo. Damu ilijaa juu ya pale, ikapasua vijishipa vya pua, na huku chini miguu ilikuwa inaletewa makombo. Hakuwa mvivu.

Alipelekwa hospitali kubwa ya Nairobi, akapasuliwa ubavuni, ile sehemu iliyobana ikakatwa na ncha mbili zikashonwa pamoja. Baada ya wiki kadhaa alirudi kutusalimia akiwa na kovu refu lililozunguka chini ya bega la kushoto, na miguu iliyovunja chupa mbili za dawa kabla mama yake hajamaliza kutoa shukrani. Nduku alituletea jogoo. Jogoo huyo aliwika wodini wakati wa maombi, na kasisi akalazimika kuanza upya.

Daktari wa Nairobi alikuwa ameandika kwamba mtoto arudishwe kliniki kila mwaka mpaka awe mtu mzima. Alirudishwa mara mbili. Nduku alikuja kunieleza sababu miaka mingi baadaye. "Sista, mtoto amepona. Nipande gari mpaka Nairobi nikamwambie daktari nini? Habari yako?"

Miaka ikaenda. Sista Rael alistaafu akaenda kufuga ng'ombe Kangundo, na nina hakika hakuna ndama aliyepona vidole vyake. Mimi nilihamishiwa kliniki ya presha ya watu wazima, na hapa lazima niseme ukweli: nilizembea. Foleni ilikuwa ndefu. Mtu anaketi, anakunja mkono wa shati, napima, naandika, "anayefuata." Sikumshika mtu mahali pengine popote. Nilijiambia watu wazima wana heshima zao.

Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili alipoanza kuja kijana mwembamba wa miaka kama ishirini, opereta wa cherehani katika kiwanda kimoja cha nguo kule EPZ, eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje, Athi River. Kichwa kilimuuma, na pua ilikuwa imetoa damu juu ya mashati meupe ya watu wa ng'ambo, ndiyo maana supavaisa akamwambia asirudi kwenye laini bila karatasi ya daktari. Nilipima mkono. Mia moja themanini kwa mia moja. Kwa mzee mnene ningeguna. Kwa kijana yule nilipaswa kusimama, lakini niliandika tu nikampeleka kwa Kimeu.

Kimeu alikuwa tabibu wetu, mwaka wake wa kwanza, na alijua kila kitu kama tunavyojua sote mwaka wa kwanza. Alimpa vidonge. "Punguza chumvi," akamwambia, "na upunguze mawazo."

"Nipunguze mawazo gani, Daktari?" kijana akauliza. "Mimi nashona kola tu."

Alikuja mwezi wa pili, presha ileile. Mwezi wa tatu, ileile. Mara hiyo alifuatana na mama mmoja aliyeanza kuongea akiwa bado kwenye foleni. "Miezi miwili nyumba yangu haina chumvi! Mzee wangu amehamia kula kwa jirani! Na bado presha haishuki! Nani alisema ni chumvi?" Akaingia, akaniona, akasita. Akainamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayekagua koti lenye tundu.

"Ai! Si wewe ndiye uliniambia mtoto wangu amekufa chini?"

Nilimtazama kijana. Nikatazama jina kwenye kadi niliyoiandika kwa mkono wangu mara tatu. Kyalo. Kina Kyalo ni wengi Ukambani, hilo ni kweli, lakini si udhuru.

"Vua shati," nikamwambia. Kovu lilikuwa pale chini ya bega, limerefuka pamoja naye. "Lala hapo. Fungua mshipi."

"Sista!"

"Nyamaza. Nilikushika hapo ukiwa na miaka mitano."

Mapigo yalikuwepo, lakini dhaifu, na yalikuja yamechelewa baada ya yale ya mkononi, kama mwanafunzi anayeitika jina likiwa limeshaitwa mara mbili. Nilitazama dari. Kijana alikuwa amepita mikononi mwangu mara tatu, na kila mara nilikuwa nimepima nusu yake.

Sasa nilitaka kupima presha ya mguu, na hatukuwa na mkanda unaotosha paja. Ule wa mkono ulizunguka paja la Kyalo ukabakiza pengo la kiganja, ijapokuwa alikuwa mwembamba. Kabatini kulikuwa na mpira mpana wa mkanda wa zamani ambao kitambaa chake kilikuwa kimeoza. Kyalo aliuchukua ule mkanda wa mkono, akaugeuza, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Nani alishona hii? Kwetu ingerudishwa." Akatoa futi ya kitambaa mfukoni, akajipima paja, akaupima ule mpira. "Nipe mpaka Jumatatu."

Jumatatu aliuleta. Kitambaa kigumu cha khaki, mishono miwili sambamba, velkro ya kunatia imekaa mahali pake, na pembeni alikuwa ameshona lebo: XL, fua kwa maji baridi, piga pasi ya wastani. Kimeu alipita akacheka mpaka akaegemea mlango. "Leo presha ya miguu, Sista. Kesho utapima ya viatu?"

Nilimlaza Kyalo kifudifudi, nikafunga mkanda pajani, nikasikiliza nyuma ya goti. Mkono ulikuwa mia moja themanini. Mguu ulikuwa mia moja na kumi. Nikarudia. Ilikuwa vilevile. Kimeu aliacha kucheka, akaninyang'anya stethoskopu akasikiliza mwenyewe. Halafu akasema pengine mkanda una kasoro, akapanda kitandani nimpime yeye. Mguu wake ulizidi mkono wake kidogo, kama inavyotakiwa kwa mtu mzima wa afya. Alikaa kitandani bila viatu kwa muda.

"Mimi nilimwambia apunguze mawazo," akasema.

"Na mimi nilimpima mara tatu," nikasema.

Kwa haki yake, aliandika barua ya rufaa papo hapo, kurasa mbili, kwa mwandiko unaosomeka. Sijawahi kuona hivyo tena kwa tabibu yeyote.

Nairobi walitaka kujua hasa kilichofanywa mara ya kwanza, kwa sababu anayerudi kukata mahali palipokatwa ni lazima ajue alikopita mwenzake. Faili la zamani lilikuwa limekwenda kule mafaili ya zamani huenda. Nilimwuliza Nduku kama alibaki na karatasi yoyote.

"Barua iko," akasema, akishangaa swali. "Iko ukutani."

Nilikwenda kwake Mumbuni. Sebuleni, kati ya picha ya harusi yao na kalenda, palikuwa na fremu ya kioo, na ndani yake barua ya kumruhusu Kyalo kutoka hospitali, na muhuri wake wa zambarau. Ilikuwa barua pekee yenye muhuri iliyowahi kuandikwa kuhusu mtu wa nyumba ile, akasema, na wageni waliisifu. Tulijaribu kuitoa. Karatasi ilikuwa imegandamana na kioo. Basi tulifunga fremu nzima kwa leso, na siku ya miadi Nduku akaingia nayo kwa daktari wa upasuaji ameikumbatia kifuani.

Daktari huyo aliitwa Wairimu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Aliiinua fremu kwenye mwanga wa dirisha akasoma mpaka mwisho. "Walikata na kuunganisha ncha kwa ncha," akasema. "Kazi safi. Lakini pale paliposhonwa pamefanya kovu, na kovu halikui. Yeye amekua."

"Ni kama nguo ya mtoto," Kyalo akasema. "Haikuachwa upindo wa kufumua."

"Ndiyo. Hasa."

Nduku alimkazia macho. "Kwa hiyo fundi wa kwanza alikosea?"

"Hapana, mama. Alimshona mtoto wa miaka mitano. Hakuwa na mwingine wa kumshona."

Daktari Wairimu alieleza kwamba safari hii ataondoa ile sehemu na kuweka bomba la kitambaa badala yake. Kyalo aliinuka kitini. "Kitambaa gani?"

"Kilichofumwa maalumu. Ukiniuliza asili yake, ni polista."

"Polista?" Nduku akapaza sauti. "Kwenye moyo? Polista inatoa jasho! Si muweke pamba?"

"Mama, pamba inalegea," Kyalo akasema. "Polista haipandi, haishuki. Kwa kazi hiyo ni sawa." Akamgeukia daktari. "Stichi ngapi kwa inchi?"

Daktari alicheka, mara ya kwanza. Kisha akaacha kucheka, akatueleza yaliyobaki. Kurudi ndani si kama kuingia mara ya kwanza. Pafu huwa limeshikamana na makovu, na kulibandua kunaweza kuvujisha damu nyingi. Na wakati mshipa umebanwa ili kushonwa, uti wa mgongo unaweza kukosa damu. Haitokei mara nyingi, lakini ikitokea, mgonjwa anaamka na miguu haisogei.

Kyalo aliomba kutoka nje kidogo. Nilimkuta kwenye benchi la korido.

"Sista, mashine yangu ni ya kukanyaga," akasema.

Nilimwambia kinachotokea ikiachwa hivyo: moyo unachoka, au siku moja mshipa wa kichwani unapasuka, na hapo hakuna fundi. Sikumficha. Alitazama viatu vyake.

"Wewe ungefanya nini?"

"Ningeogopa. Halafu ningefanya."

"Hiyo ya kwanza nimemaliza," akasema, akarudi ndani akatia sahihi.

Siku ya upasuaji nilichukua likizo, nikaketi na Nduku kwenye benchi tangu asubuhi. Kila aliyepita akiwa amevaa kijani alisimamishwa. "Wewe, mtoto wangu anaendeleaje?" Wengi walipita haraka. Mwishowe mwanamume mmoja mrefu alisimama, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia kwa utulivu, "Mama, mambo yanaenda vizuri sana." Nduku akashusha pumzi, akala mkate. Nusu saa baadaye tulimwona yule tuliyemdhania daktari akipiga deki korido. Nilingoja Nduku alipuke.

"Yeye anaingia huko ndani," akasema. "Anaona." Akaendelea na mkate.

Daktari Wairimu alitoka alasiri, alama ya barakoa bado iko usoni. Pafu lilikuwa limeng'ang'ania ubavu kama nguo mbichi iliyokaushiwa ukutani. Kulibandua tu kulikula saa mbili. Bomba lilikuwa limekaa. "Kuhusu miguu," akasema, "tutajua akiamka."

Aliamka asubuhi iliyofuata, bado na mrija mdomoni. Waliniruhusu kuingia kwa sababu ya sare. Muuguzi wa pale, msichana makini, alimwinamia. "Kyalo, sogeza miguu."

Hakikutokea kitu. Akarudia. Macho ya Kyalo yalikuwa yamefunguka yakitazama dari, na mimi nilikuwa nimeshika chuma cha kitanda kwa nguvu hata pete ikaniingia kidoleni. Nilikuwa natafuta maneno ya kumpelekea Nduku.

Kisha shuka likasogea. Mguu wa kulia ulikandamiza chini, ukaachia. Ukakandamiza tena, ukaachia, mara nyingi kwa haraka, ukapumzika, ukaanza tena. Muuguzi akarukia kengele. "Sista, ni kifafa hiki!"

"Mwache," nikasema, na nilikuwa nalia bila aibu. "Yuko kazini. Anakimbiza tageti ya kola."

Alikaa hospitalini wiki mbili. Siku ya kuondoka, Daktari Wairimu alimweleza kwamba lazima arudi kila mwaka, akasisitiza neno "kila" huku akimtazama Nduku. Nduku aliuliza kama kutakuwa na mara ya tatu. Daktari akasema bomba lile ni la mtu mzima, halihitaji kukua.

"Na akioa akanenepa?"

Daktari, aliyekuwa amesimama saa saba mfululizo siku ya upasuaji bila kulalamika, alivuta kiti akaketi.

Tulipobaki wodini, Nduku alipiga magoti ili amvalishe Kyalo soksi, maana yeye hakuruhusiwa kuinama. Kyalo alilalamika kwamba ni mtu mzima na wagonjwa wengine wanatazama.  Nduku alikuwa ameushika unyayo wake kwa viganja vyote viwili, na alikuwa amenyamaza, jambo ambalo kwa miaka yote niliyomfahamu sikuwa nimewahi kulishuhudia.

"Una joto," akasema hatimaye, kwa sauti ambayo ilinibidi nisogee ili niisikie. "Sista, njoo ushike. Huu mguu una joto."

Nikashika. Ulikuwa na joto.

"Mimi nilifikiri tu ndivyo alivyo," akasema. "Nilifikiri ni mtoto wa miguu baridi."

Hakuuachia, na hakuna aliyemharakisha. Gari la saa nane lilituacha, tukaondoka na la saa tisa.